Msiifungie Ripoti Ndani ya Prosija

Kwenye hesabu za wagonjwa wa nje za MTUHA, mfumo wa Tanzania wa taarifa za huduma za afya, kuna kinyota. Kinamhusu mgonjwa aliyehudhuria kwa mara ya kwanza mwaka huu, na kila muuguzi anajua maana yake. Mtu akija Januari kwa malaria anapata kinyota. Akirudi Aprili kwa kikohozi hapati tena, anaingia kwenye marudio, na atabaki huko mpaka mwaka ugeuke.

Chukua mtoto anayebebwa na mama yake hadi hospitali ya Kilimatinde, ile ya St. John's ya Kanisa Anglikana, juu ya ukingo wa Bonde la Ufa wilayani Manyoni. Mwaka huu ameletwa mara tatu. Kwa MTUHA yeye ni kinyota kimoja na marudio mawili. Huo ni ukweli kuhusu mtoto huyo, na haukungoja kompyuta ili uwe ukweli. Siku hospitali yoyote ya namna hiyo inapoacha daftari na kuhamia kwenye kanzidata, lazima mtu aamue kanuni ya kinyota iandikwe wapi. Uamuzi huo hufanywa na mwanaprogramu, mara nyingi usiku, mara nyingi bila kumuuliza yeyote.

Jibu la wengi wetu tulio kwenye kazi hii ni moja. Tunalipata chuoni, tunalirithi kwa waliotutangulia, tunaliandika kwenye nyaraka za zabuni: iandikwe ndani ya prosija. Prosija ina kasi, prosija ni salama, prosija inaweka kanuni zote mahali pamoja. Viu ni ya wanaoanza. Nimeisikia kauli hiyo kwa miaka mingi, na naipinga kwa sababu nimeona inachowafanyia watu wanaoishi na namba hizo.

Kwa msomaji asiye wa fani: viu ni swali lililopewa jina. Badala ya kuandika kila mara "nipe mahudhurio yote, tarehe zake, na umri wa mgonjwa siku hiyo", unaliandika swali mara moja, unalibatiza jina, kisha unalisoma kana kwamba ni jedwali. Lenyewe halitunzi kitu. Kila ukiliuliza linakwenda kwenye majedwali halisi. Prosija ni mfuatano wa amri uliohifadhiwa ndani ya kanzidata: fanya hili, kisha lile, ikiwa hivi ruka pale, mwisho toa majibu. Viu inaeleza kitu ni nini, prosija inaeleza kazi ifanyweje. Kinyota ni suala la kitu ni nini, na kwa hiyo mahali pake ni kwenye viu. Nasema hivyo kwa kila ripoti ninayoijua.

Nianze na kasi, maana ndiyo hoja inayotajwa kwanza na ndiyo iliyochakaa zaidi. Prosija zilipata umaarufu kupitia kanzidata ya Sybase mwaka 1987. Wakati ule kulifasiri swali na kulitafutia njia kulikuwa kazi nzito kwa seva, na prosija ilikuja na njia yake ikiwa imekwisha kuandaliwa. Ilikuwa faida ya kweli. Lakini tangu kanzidata ya SQL Server 7.0 ya mwaka 1998, swali la kawaida nalo hutunziwa njia yake na kutumiwa tena. Kwa MySQL, ambayo mifumo mingi midogo ya kwetu imejengwa juu yake, hali ni kinyume kabisa cha imani: prosija huandaliwa upya kwa kila muunganisho. Programu inayofungua muunganisho, ikaita prosija mara moja, ikafunga, inalipa gharama hiyo kila mara. Watu wanaotetea prosija kwa kasi kwenye MySQL wanatetea sifa ya kanzidata nyingine, ya zama nyingine.

Tena kuna jambo ambalo hawalitaji. Unapoisoma viu nyepesi na kuongeza sharti, tuseme kijiji fulani na wiki fulani, kanzidata hulifungua swali la ndani, hulichanganya na sharti lako, kisha hutafuta njia ya mkato kwa yote mawili. Faharasa iliyopo kwenye tarehe hutumika. Prosija haifunguki hivyo. Ikitoa mistari elfu kumi na wewe unataka arobaini, elfu kumi zote zimekwisha kutafutwa. Na kwenye MySQL huwezi hata kuyachukua majibu ya prosija ukayaunganisha na jedwali jingine ndani ya swali. Umepewa jibu, basi. Swali la pili linahitaji prosija ya pili.

Hapo ndipo madhara yanapozaliwa, na niliyaona kwa macho yangu.

Niliitwa kwenye hospitali moja ya kanda ya kati, jina lake naliacha. Aliyeniita ni afisa kumbukumbu, mama mtu mzima aliyejaza vitabu vya MTUHA tangu miaka ya 1990. Nikamwamkia shikamoo. Akaitikia marahaba, akanivutia kiti, akatandaza karatasi tatu mezani.

"Mwanangu, hizi ni malaria za watoto wa chini ya miaka mitano. Mwezi ni uleule. Namba ziko tatu. Niipeleke ipi wilayani?"

Zilitoka kwenye prosija tatu. Moja iliandikwa kwa ajili ya ripoti ya mwezi, moja kwa ajili ya malaria peke yake, moja kwa ajili ya madai ya bima. Niliketi nazo siku nzima. Ya kwanza ilipata umri kwa kutoa mwaka wa kuzaliwa kwenye mwaka wa sasa, hivyo mtoto aliyezaliwa Desemba alizeeka mwaka mzima ilipofika Januari. Ya pili ilihesabu kwa siku na miezi, vizuri, ila ilipima umri wa mtoto siku ripoti inapochapwa, si siku alipotibiwa. Maana yake ripoti ya Machi ukiichapa Agosti inatoa namba nyingine, kwa sababu watoto wamekua. Ya tatu ilipata umri sawasawa lakini ilihesabu na mahudhurio yaliyofutwa mapokezi baada ya kusajiliwa mara mbili kwa makosa.

Walioziandika hawakuwa wavivu. Kila mmoja aliombwa ripoti akatoa ripoti. Kila mmoja alilazimika kuamua upya, peke yake, maana ya "mtoto chini ya miaka mitano" na maana ya "hudhurio", kwa sababu uamuzi wa mwenzake ulikuwa umezikwa katikati ya mistari mia tatu ya amri ambayo haikuweza kuazimwa. Ndiyo maana nasema hoja ya "kanuni mahali pamoja" imekaa kichwa chini. Prosija huweka kanuni ya ripoti moja mahali pamoja. Ripoti zikiwa kumi na nne, kanuni ziko mahali kumi na nne.

Dawa yake ilikuwa viu moja. Mstari mmoja kwa kila hudhurio halali, umri siku ya hudhurio, kundi la umri kama MTUHA inavyoyapanga makundi (chini ya mwezi mmoja, mwezi mmoja hadi chini ya mwaka, mwaka mmoja hadi chini ya mitano, mitano hadi chini ya sitini, sitini na kuendelea), na safu moja inayosema kama hudhurio hili lina kinyota au halina. Ripoti zote tatu zikaanza kusoma hapo. Zilibaki na mistari michache kila moja.

Nalijua pingamizi litakalofuata, na lina haki yake. Mtu atasema: kinyota hakiandikiki kwenye viu kirahisi, maana lazima uyapange mahudhurio ya kila mgonjwa kwa mfuatano ndani ya mwaka ndipo ujue lipi la kwanza. Kwa muda mrefu hilo lilikuwa kweli kwa watu wa MySQL. Viu na prosija ziliingia humo pamoja, kwenye toleo la 5.0 la mwaka 2005, lakini viu zilikuja zimefungwa miguu. Mpaka toleo la 5.7 viu haikuruhusiwa hata kuwa na swali dogo mahali pa jedwali, na uwezo wa kupanga mistari kwa mafungu ulifika na toleo la 8.0 mwaka 2018. Aliyejifunza kazi kabla ya hapo alikimbilia prosija kwa sababu hakuwa na mlango mwingine. Simlaumu. Nalaumu kwamba kizuizi kiliondoka na mazoea yakabaki, kisha mazoea yakaanza kufundishwa kama kanuni ya ufundi.

Na pingamizi jingine, zito zaidi: viu ya namna hiyo inaweza kuwa nzito. Ni kweli. Ukiiuliza mwezi wa Juni pekee, lazima ipitie mwaka wote ndipo ijue nani alishapata kinyota Februari. Usipoitajia mwaka, itapitia miaka yote. Vilevile nimekutana na viu iliyojengwa juu ya viu, juu ya viu nyingine, tabaka sita, mpaka hakuna anayejua swali dogo linagusa majedwali mangapi. Huo ni uchafu na nimeufagia mahali zaidi ya pamoja. Tabaka mbili zinatosha, na kila viu nzito itajiwe mwaka. Panapohitajika zaidi, kanzidata ya PostgreSQL tangu toleo la 9.3 la mwaka 2013 ina viu inayotunza majibu yake, unaiburudisha usiku na asubuhi inasomwa kama jedwali. Mwaka uliofuata, toleo la 9.4 liliruhusu kuiburudisha bila kuwazuia wanaosoma. Kwa hospitali ya wilayani, yenye mahudhurio ya ukubwa wa wilaya, mara nyingi hata hilo halihitajiki. Nimeona prosija zikitetewa kwa hofu ya mzigo ambao seva ya mezani inaubeba bila kuhema.

Usalama. Wanasema prosija inaficha majedwali, kwa hiyo mtumiaji haoni asichopaswa kuona. Viu inafanya hivyohivyo, na inafanya waziwazi. Mtoa dawa apewe viu yenye jina la mgonjwa, dawa, dozi na siku, isiyo na kipimo cha maabara. Mtakwimu apewe yenye umri, kijiji na ugonjwa, isiyo na jina. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika tarehe 1 Mei 2023, inaziweka taarifa za afya kwenye kundi la taarifa nyeti. Akija mkaguzi kuuliza nani anaona nini, viu unamfungulia anasoma orodha ya safu, ukurasa mmoja. Prosija unamwomba aamini.

Zaidi ya hapo, ruhusa ya kusoma viu ni ruhusa ya kusoma. Ruhusa ya kuita prosija ni ruhusa ya chochote kilichomo ndani yake, na kama inaendeshwa kwa mamlaka ya mwenye kanzidata, kilichomo kinaweza kufuta. Nimefungua prosija yenye jina la ripoti nikakuta katikati yake inasafisha jedwali la muda, na jedwali hilo lilikuwa likitumiwa na idara nyingine. Pia kuna zile zinazobandika maneno aliyoandika mtumiaji moja kwa moja ndani ya swali kisha kuliendesha. Mlango wa mwizi uko palepale. Umehamishiwa chumba cha ndani tu.

Sasa, mimi si adui wa prosija. Niseme mahali pake bila kuuma maneno. Mtu akiwa kwenye dirisha la dawa, kutoa dozi moja kunabeba mambo matatu: kupunguza kwenye boksi linalokaribia kuisha muda, kuandika kwenye rejista, kuingiza bili. Ama yote matatu yawe, ama lisiwe hata moja, na umeme unaweza kukatika katikati. Hiyo ni prosija, na anayeiandika kwa uangalifu anawatendea wagonjwa wema. Kufunga mwezi, kumhamisha mgonjwa wodi, kuunganisha mafaili mawili ya mtu mmoja, hayo ni matendo. Wapo wanaotaka kupitisha hata uandikaji wa data kwenye viu kwa kuzitegea triga, amri zinazojiendesha zenyewe data inapoguswa, zigeuze kila kitu nyuma ya pazia. Siungi mkono. Edgar Codd, aliyetuachia msingi wa kazi hii yote mwaka 1970, alipoorodhesha kanuni zake mwaka 1985 aliweka humo kwamba viu inayoweza kuandikika kinadharia iandikike kweli, na hakuna kanzidata niliyowahi kufanyia kazi iliyoitimiza kikamilifu. Viu isome. Inatosha.

Watetezi wa prosija hunipeleka Kenya. Huko kuna KenyaEMR, mfumo wa rekodi za wagonjwa uliojengwa juu ya OpenMRS, mradi ulioanza mwaka 2004 na ambao kliniki za Eldoret zilikuwa miongoni mwa za kwanza kuutumia. Humo kuna prosija nyingi za kutayarisha ripoti, wanasema, na inahudumia nchi. Nawaomba wazifungue. OpenMRS hutunza karibu kila kipimo na kila jibu la daktari katika jedwali moja refu la uchunguzi, mstari kwa kila jibu. Kulisoma hivyo kwa ripoti ni mateso. Prosija za Kenya zinachota humo na kujaza majedwali mapana, jedwali la wasifu wa mgonjwa, jedwali la kliniki, na kadhalika. Zinatenda. Ripoti zenyewe huuliza majedwali hayo kwa maswali ya kawaida. Mfano wanaonipa ni ushahidi wangu.

Nami nawarudisha nyumbani. DHIS2, programu iliyozaliwa Chuo Kikuu cha Oslo na ambamo Wizara ya Afya yetu inapokea takwimu za MTUHA za nchi nzima, inaendeshwa juu ya PostgreSQL. Ndani yake msimamizi ana mahali pa kutengeneza viu: ya kawaida, ya kutunza majibu, au swali la kuendeshwa papo hapo. Mahali hapo panapokea swali la kusoma na kukataa mengine. Walioijenga walijua kwamba ripoti haina haja ya mkono unaoweza kubadili data.

Kwa nini natia Kilimatinde kwenye mzozo huu, na siyachukui mabenki ya Dar es Salaam kuwa mfano? Kwa sababu Dar es Salaam makosa yetu yana wa kuyabeba. Benki ina chumba kizima cha watu wa kanzidata, prosija ya mistari mia nane itapata msomaji. Kilimatinde ilikuwa kituo cha njia ya misafara kati ya pwani na Tabora, Wajerumani wakajenga boma pale, kisha reli ya kati iliyofika Tabora mwaka 1912 ikapita chini yake, na makao ya wilaya yakawa Manyoni. Utaalamu nao hupita namna hiyo. Fundi hutoka Dodoma au mbali zaidi, anafunga mfumo, anaondoka, mkataba unaisha, simu yake inabadilika. Anayebaki na mfumo ni afisa kumbukumbu mwenye kompyuta moja na Excel. Mtu huyo anaweza kuiunganisha Excel na viu akaisoma kama jedwali lolote, akachuja kijiji, akapanga kwa wiki, akajibu swali la mganga mkuu siku hiyohiyo. Ukimwachia prosija, umemwachia kitufe. Kitufe kinatoa ulichokiwaza wewe mwaka uliokuwa pale. Mlipuko wa kuhara ukitokea bondeni naye akataka kujua umeanzia kitongoji kipi, kitufe hakina neno.

Wenzangu huniambia watu hao hawawezi kusoma SQL, lugha ya kuiuliza kanzidata, kwa hiyo uwazi wa viu hauwasaidii. Kauli hiyo inaniumiza kuliko zote, maana wanaoitoa hawajawahi kujaribu. Yule mama wa karatasi tatu, kabla sijaondoka, nilimchapia viu ile kwenye karatasi moja. Safu zote nilikuwa nimezipa majina ya Kiswahili, yaleyale ya kitabuni. Alivaa miwani akafuata kwa kidole, mstari baada ya mstari, akifika kwenye makundi ya umri akasimama.

"Hapa mwanangu umeandika mitano au pungufu. Mtoto akiletwa siku ileile anapotimiza mitano, unamhesabu na wadogo. Sisi kitabuni tunamweka na wakubwa."

Nilifungua kompyuta, nikafuta alama moja ya usawa, ripoti zote tatu zikabadilika kwa pamoja.